Mashine Iliyofundishwa Kujirudi

Picha ya mraba na skrini ndefu hazipatani hivihivi. Lazima mmoja akubali kuumia. Walioandika SMIL, lugha ya kompyuta ya kutungia maonyesho ya picha, sauti na maandishi, iliyoidhinishwa mwezi Juni 1998 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliyaona maumivu hayo kuwa ya namna tano, wakazipa majina chini ya kipengele kimoja kiitwacho fit. Fill inaivuta picha mpaka ijaze nafasi, na sura za watu zitakavyokuwa ni shauri yao. Ndiyo ile ya televisheni za baa na za mabasi ya mikoani: filamu ya zamani imetandazwa kwenye kioo kipana na kila mtu kanenepa ghafla. Hidden inaiacha picha na ukubwa wake, kinachozidi kinafichwa. Meet inaikuza au kuipunguza bila kuharibu umbo lake mpaka upande mmoja uguse ukingo, na pembeni panabaki patupu. Slice inafanya hivyohivyo, ila haisimami mpaka nafasi yote ijae, kisha kilichomwagika nje kinakatwa. Scroll inamwachia mtazamaji aisogeze mwenyewe.

Hakuna iliyo nzuri kila mahali. Ramani ukiikata kwa slice, huenda ukaondoka na nchi ileile uliyotaka kuionyesha. Picha ya harusi ukiikata, wanaopotea ni wazee waliosimama pembeni, na lawama zake utazisikia mwaka mzima. Anayetengeneza tovuti siku hizi anayajua maamuzi haya kwa majina mengine, contain na cover, lakini ugomvi ni uleule.

Naanza na jambo dogo kwa sababu ufundi ninaotaka kuusifu umejengwa kwa mambo madogo ya aina hii. Msanifu kurasa huyaamua kwa jicho, mamia kwa siku, na ukimuuliza kwa nini ameiweka picha hapo atakujibu tu kwamba imekaa vizuri. Kuna watu waliokataa kuridhika na jibu hilo. Walikaa miaka kuandika, hatua kwa hatua, kile jicho linachokijua, ili kompyuta ipewe picha, maandishi, sauti na video, na yenyewe itunge onyesho linalomfaa mtazamaji huyu, kwa kifaa hiki, kwa mtindo huu.

Kazi yao ilianza kabla ya intaneti kuingia majumbani. Mwaka 1986 Jock Mackinlay alieleza programu yake ya APT, iliyopokea data na kuchagua chati yenyewe. Iliendeshwa na maswali mawili ambayo hadi leo yangewafaa wengi wanaopeleka ripoti kwenye mikutano. Je, chati hii inasema yote yaliyomo kwenye data, na haisemi yasiyomo? Na kama chati zinazopita mtihani huo ni nyingi, jicho la binadamu litasoma ipi kwa urahisi zaidi?

Miaka michache baadaye, Steven Feiner na Kathleen McKeown wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuwa na COMET, iliyomweleza mtu jinsi ya kutengeneza redio ya jeshi kwa maneno na michoro iliyotungwa papo hapo. Na huko Saarbrücken, Ujerumani, kundi la Wolfgang Wahlster, Elisabeth André na Thomas Rist likajenga WIP, ambayo mfano wake maarufu ulikuwa maelekezo ya kutumia mashine ya kahawa ya espreso. Utafiti mzito wa akili bandia, na matunda yake kikombe cha kahawa! Lakini tatizo walilolishika halikuwa la mchezo. Ukimwandikia mtu azungushe swichi ya kushoto, lazima picha imwonyeshe swichi mbili. Mchoraji akiisogeza picha karibu mno na kubakiza swichi moja, neno “kushoto” limekufa, na hakuna kosa la sarufi utakaloliona. Aliyeandika yuko sahihi, aliyechora yuko sahihi, na msomaji amepotea. Ndiyo maana waliona haitoshi kuwa na mtambo wa maneno na mtambo wa picha kila mmoja chumbani kwake. Ilibidi izungumze.

Hata hivyo, kazi ninayoipenda kuliko zote ilifanyika Amsterdam, kwenye taasisi ya hisabati na kompyuta ya CWI. Hapo ndipo Guido van Rossum alipoanza kuiandika lugha ya Python mwishoni mwa 1989, na jina lake limo pia kwenye makala ya mwaka 1994, aliyoiandika pamoja na Lynda Hardman na Dick Bulterman, iliyoeleza namna ya kuunganisha wakati na viungo ndani ya hati moja ya medianuwai. Wenzao wa taasisi hiyo walishiriki pia kuiunda SMIL. Kisha, mwaka 2001, Jacco van Ossenbruggen, Joost Geurts, Lloyd Rutledge, Hardman na wenzao wakaieleza dunia kuhusu mtambo waliouita Cuypers, kwa heshima ya Pierre Cuypers, msanifu majengo aliyechora jumba la makumbusho la Rijksmuseum na stesheni kuu ya treni ya Amsterdam. Kuchagua jina la msanifu majengo badala ya mchoraji kunaonyesha walijua wanachokifanya: kuta kwanza, rangi baadaye.

Mfano waliopenda kuutumia ulihusu Rembrandt. Mtazamaji anaomba aelezwe mbinu ya mchoraji huyo ya kuchezesha mwanga na giza. Kwenye hifadhi kuna picha za kazi zake, maelezo yaliyoandikwa, na taarifa za kila picha. Hakuna mtu aliyepanga ukurasa. Mtambo upange.

Kwa nini usipange kama tovuti ya kawaida? Kwa sababu maandishi yana tabia njema ambayo tumeizoea mno hata hatuioni. Yakizidi, yanashuka mstari wa chini. Ukurasa ukijaa, unarefuka, na msomaji anashusha kidole. Umpe simu au kompyuta, sentensi ni ileile, imevunjika tu mahali pengine. Picha saba zinazokwenda na sauti ya msimulizi hazina tabia hiyo. Huwezi kuivunja picha katikati ukaendeleza nusu yake mstari wa chini, na sauti haifupiki kwa sababu skrini ni ndogo. Medianuwai haitiririki. Ukiisoma makala yao ya 2001, hoja hii ndiyo inayobeba mengine yote, na mimi naona ni ugunduzi mkubwa kuliko programu yenyewe.

Basi wakaigawa kazi katika matabaka matano. Juu kabisa ni maana: nini kinasemwa, na kipi kinaelezea kipi. Chini yake ni kile walichokiita vifaa vya mawasiliano, yaani mbinu zinazojulikana za kuweka vitu mbele ya mtu. Mojawapo waliita rafu ya vitabu: vitu vinapangwa kutoka kushoto kwenda kulia, safu ikijaa unashuka. Chini yake kuna masharti yasiyo na namba: hiki kiwe kushoto kwa kile, jina liwe juu ya picha, sauti ianze pamoja na picha. Chini zaidi kuna masharti yenye namba, pikseli na sekunde. Na mwisho kabisa linatoka onyesho lenyewe, limeandikwa kwa SMIL, tayari kuchezwa.

Kwa masharti yasiyo na namba waliazima kazi ya James Allen, aliyeonyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vya wakati vinaweza kuhusiana kwa namna 13 tu. Kimoja kinatangulia kingine, au vinagusana, au vinapishana, au kimoja kimo ndani ya kingine, au vinaanza pamoja, au vinaisha pamoja. Kila moja ya hizo na kinyume chake, jumla 12, na ya 13 ni kulingana sawasawa. Uzuri ni kwamba anachokisema Allen kuhusu wakati ni kweli pia kwa mstari wowote ulionyooka. Upana wa skrini ni mstari. Urefu wake ni mstari. Visanduku viwili kwenye skrini kwa hiyo vina mahusiano 169, na ukiongeza wakati yanafika 2,197. Hayo ndiyo yote. Kila onyesho la slaidi ulilowahi kuliona, zuri na baya, limejengwa kwa kuokota ndani ya kikapu hicho.

Sasa tuuangalie mtambo kazini. Namba zifuatazo ni zangu, njia ni yao.

Tuseme tuna picha saba za upana wa pikseli 160, kila moja pamoja na jina lake ina kimo cha pikseli 160, na nafasi ya 20 kati ya moja na nyingine. Kioo ni cha kompyuta ya zama zile, 800 kwa 600. Rafu ya vitabu inajaribiwa. Picha nne zinachukua 700, zinaingia. Tano zingetaka 880, hazitoshi. Kwa hiyo nne juu, tatu chini, kimo cha safu mbili ni 340, kichwa cha habari kinapata nafasi yake, na kazi imekwisha. Hakuna aliyetoka jasho.

Lete simu. Nokia 7650 iliyotoka mwaka 2002 ilikuwa na kioo cha pikseli 176 kwa 208. Upana unatosha picha moja. Kimo kinatosha picha moja. Tabaka la namba linajaribu, linashindwa, na hapa ndipo ninapovua kofia: halilazimishi. Halipunguzi picha mpaka ziwe punje. Linatamka kwamba haiwezekani na kurudisha kesi juu. Tabaka la masharti nalo halina njia nyingine ya kuipanga rafu, linapandisha tena. Tabaka la vifaa vya mawasiliano linaiweka rafu pembeni na kuchukua kingine: picha zifuatane, moja baada ya nyingine. Kilichokuwa nafasi kimegeuka wakati. Mtazamaji wa kompyuta anaziona picha zote kwa mpigo na kuzilinganisha. Mtazamaji wa simu anazipokea kwa foleni. Maana imebaki, sura imebadilika kabisa.

Ila foleni nayo ina gharama. Msimulizi anazungumza kwa sekunde 40, na sharti linasema kila picha ionekane walau sekunde nane, maana picha yenye giza nyingi haitazamwi haraka. Saba mara nane ni 56. Imeshindikana tena. Zinazoweza kuingia ni tano, na mbili lazima ziachwe.

Zipi mbili? Swali hili halina jibu kwenye pikseli wala kwenye sekunde. Linapanda mpaka juu kabisa, kwenye maana. Huko watafiti walikuwa wamechukua nadharia ya William Mann na Sandra Thompson ya mwaka 1988, inayosema kwamba katika maelezo yoyote kuna sehemu za kiini na sehemu zinazokiegemea kama ushahidi, mfano au usuli. Mchoro wa Rembrandt uitwao De Nachtwacht, wa 1642, ambamo mwanga unawaangukia wachache na wengine wanazama kivulini, ndio hoja yenyewe, huo haugusiki. Picha ya nyumba aliyoishi mchoraji ni usuli. Nyumba inaondoka. Fundi cherehani mzuri naye ni hivyo: kitambaa kikipungua hakati mikono kimyakimya, anarudi kwenye mshono wenyewe na kuuliza kipi ndicho gauni na kipi ni mapambo.

Ustadi uko hapo, kwenye kujua kushindwa kumetokea ngazi gani na nani mwenye mamlaka ya kukutatua. Ofisi nyingi za binadamu hazijafika huko. Mtu wa dirishani anakulazimishia fomu isiyokuhusu kwa sababu hakuna ngazi ya kupandishia tatizo. Mtambo wa Cuypers ulikuwa na ngazi hiyo kwa asili, kwa sababu uliandikwa kwa lugha za jamii ya Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, ambazo desturi yake ni kujaribu njia, kukwama, kurudi kwenye njia panda ya mwisho na kushika nyingine. Wanaprogramu huona kurudi nyuma kama upotevu wa muda wa mashine. Katika kazi hii ndiko kufikiri kwenyewe.

Nisiusifu kupita kiasi. Cuypers ilikuwa chombo cha utafiti, haikuwa bidhaa ya dukani, na maonyesho yaliyochapishwa kwenye makala zake hayakuwa ya kutundikwa ukutani: visanduku vimekaa mahali pake kwa utii, basi. Kanuni za kupanga ziliandikwa na watu wa kompyuta, na inaonekana. Msanifu mwenye mkono angevunja mojawapo ya masharti yale kwa makusudi, akaacha nafasi tupu pasipotarajiwa, na ukurasa ungepumua. Mashine ya masharti haijui lini kuvunja sharti ni adabu.

Kuhusu mtindo, wengine walikuwa wamefika mbali zaidi. Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS, lugha ya kuelezea sura ya kurasa za wavuti, mwezi Oktoba 1994, kiini cha wazo kilikuwa kwamba mwandishi na msomaji wote wawili wana sauti juu ya sura ya ukurasa, na kompyuta inapatanisha. Sasa tazama kilichotokea. Katika toleo la kwanza, la 1996, mwandishi na msomaji wote wakisisitiza kwamba amri yao ni muhimu, mwandishi alishinda. Katika toleo la pili, la 1998, wakaigeuza: akashinda msomaji. Mwenye macho hafifu akisema herufi ziwe kubwa, zinakuwa kubwa, hata kama msanifu alitaka ziwe ndogo na za kupendeza. Badiliko hilo ni la kanuni moja kwenye hati ndefu ya kiufundi. Kwangu mimi ni miongoni mwa maamuzi ya kiungwana zaidi yaliyowahi kufanywa kwenye teknolojia hii.

SMIL nayo ina uungwana wake, kwenye kipengele cha switch. Ndani yake mtunzi anaorodhesha matoleo kadhaa ya kitu kimoja, kila moja na sharti lake: lugha, kasi ya mtandao, ukubwa wa skrini. Kichezeshi kinasoma kutoka juu na kuchukua la kwanza ambalo sharti lake limetimia, hakiangalii zaidi. Kwa hiyo mpangilio wenyewe ni hukumu. Lililo bora linakaa juu, na la mwisho kabisa halipewi sharti lolote, ili hata mwenye modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, ambayo picha ya kilobaiti 36 inaichukua sekunde kumi, asiambulie kioo cheusi. Kichezeshi pia kinajua kama mtazamaji amewasha maandishi ya chini kwa sababu hasikii, na kinaweza kumpa onyesho lenye nafasi ya maandishi hayo tangu mwanzo, badala ya kuyabandika juu ya sura za wazungumzaji.

Watu wengi wameitumia SMIL bila kuisikia. Ujumbe wa MMS, ule wa picha uliokuja kabla ya WhatsApp kuumaliza, ulikuwa onyesho dogo la SMIL: kila ukurasa sekunde kadhaa, sehemu mbili tu, moja ya picha na moja ya maandishi, na picha mara nyingi ikipewa meet ili isiharibike umbo. Simu ilijitambulisha kwa wasifu wake, ikataja na ukubwa wa kioo, na mtambo wa kampuni ya simu ungeweza kuipunguza picha kabla ya kuituma. Aliyepokea picha ya mtoto mchanga kutoka kwa ndugu aliye mbali hakujua kwamba kuna aliyejadiliana kwa niaba yake.

Leo kuna programu zinazokutungia slaidi ishirini ukiandika sentensi moja. Nyingi zinapendeza kuliko chochote kilichotoka Amsterdam. Lakini slaidi ya tisa ikiwa mbovu, ninachoweza kufanya ni kuomba nyingine na kutumaini. Siwezi kuuliza ni uamuzi gani ulikosewa na ngazi gani nikapata jibu ninaloliamini. Kwa hilo wale wa masharti na Prolog bado wamezitangulia programu hizi.

Mahali ambapo kazi ya zamani inaendelea kimyakimya ni kwenye vitabu vya wasioona. Muungano wa DAISY, ulioanzishwa mwaka 1996, ulijenga vitabu vyake vya sauti juu ya SMIL, na kuanzia EPUB 3 ya mwaka 2011 vitabu vya kawaida vya kielektroniki vinaweza kubeba mbinu hiyohiyo. Ndani ya faili, kila sentensi imefungwa na kipande chake cha sauti: inaanzia sekunde hii, inaishia ile. Mwenye kuona kidogo anaifuata sentensi ikiwaka huku ikisomwa. Asiyeona kabisa anaruka sura kwa sura, sentensi kwa sentensi. Kuna vitu vimewekewa alama kwamba vinarukika, kama namba za kurasa na tanbihi, ambazo msomaji anaweza kuzizima zisimkatize katikati ya hadithi. Na kuna vingine vimewekewa alama kwamba vinatokeka. Jedwali la safu 40, kwa mfano, linaanza kusomwa namba kwa namba. Msomaji akishapata aliyoitaka safu ya sita, anabonyeza mara moja na sauti inaendelea kutoka aya inayofuata jedwali.